Nilimwambia Nimeshiba

Jumapili iliyopita nilikuwa nikimwogesha binti yangu aliponishika mkono kwa vidole vyake vyenye povu, akautazama kwa makini kama anavyotazama picha za kitabuni, kisha akaniuliza, "Mama, nani alikuchora hapa?" Nilimmwagia maji kichwani ili afumbe macho, nikamwambia kwamba nitamweleza atakapokuwa mkubwa. Aliridhika, au alionekana kuridhika, akarudi kwenye kikombe chake cha plastiki. Mimi sikuridhika. Tangu siku hiyo nasikia mlango ukigongwa, mlango wa chumba changu katika nyumba ya shangazi kule Likoni, mwaka 2016, na sauti yangu mwenyewe ikijibu kutoka ndani.

Ya miaka iliyotangulia nitayapita haraka. Nilianza kujidhuru nikiwa kidato cha tatu, nikaacha, nikarudia baada ya mazishi ya mama, na nilipoajiriwa katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini nilikuwa nimekwisha kuzoea kuvaa mikono mirefu hata mwezi wa Februari, wakati Mombasa nzima inapotafuta kivuli. Watu walidhani ni stara, nami niliwaacha wadhani hivyo. Sikutaka kufa. Jambo hili nilishindwa kumweleza mtu yeyote kwa muda mrefu, kwa sababu kila nilipolipanga kichwani nilimwona msikilizaji akinikatiza mahali pale pale: kama hukutaka kufa, ulitaka nini?

Mtu wa kwanza niliyemwendea kwa msaada alikuwa tabibu wa hospitali ambayo sitaitaja. Aliuona mkono wangu, akaniuliza mbele ya wagonjwa wengine wawili kama nilijua kwamba hilo lilikuwa kosa la jinai. Wakati huo Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kilikuwa bado kinamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji anayeweza kufungwa hadi miaka miwili, na ingawa sikuwa nimejaribu kujiua, ni nani angenisikiliza nikitenganisha mambo hayo mawili mbele ya askari? Huenda alitaka kunitisha kwa nia njema. Nilichukua kadi yangu, nikaondoka, na kwa miezi saba sikumkaribia daktari yeyote, hata nilipopata malaria. Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba, nilikuwa kazini, na nililazimika kutoka nje ili wenzangu wasinione nikilia. Niliilia ile miezi saba.

Wa pili aliniombea. Namshukuru kwa dua yake, lakini nilirudi nyumbani na siri ile ile, na juu yake nikaongezewa deni la kupona haraka ili nisimvunje moyo. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, inayosimamia wenye kazi hiyo nchini Kenya, ilikuwa imekwisha kupitishwa mwaka 2014, ila mimi sikujua hata kwamba mgonjwa ana haki ya kumuuliza mshauri amesomea wapi na amewahi kushughulikia matatizo gani.

Wa tatu nilimpata kwa njia ambayo mpaka leo naiona kuwa neema. Mwenzangu ofisini, ambaye kaka yake alikuwa akitibiwa uraibu wa dawa za kulevya, aliniandikia jina na namba ya simu nyuma ya risiti, akaiweka chini ya kikombe changu cha chai, na hakuniuliza neno. Nilipopiga simu, mama aliyepokea alinitajia shilingi 2,500 kwa saa moja. Mshahara wangu ulikuwa 28,000. Kabla sijakata simu kwa aibu, aliniuliza ningeweza kulipa kiasi gani bila kulala njaa, tukakubaliana nusu.

Chumba cha mshauri huyo kilikuwa Ganjoni, juu ya duka la fundi cherehani, hivyo kwamba kila aliponyamaza tulisikia cherehani zikikimbia chini ya miguu yetu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanionyesha kiti kilicho karibu na mlango na si kile cha ukutani. Sikuligundua hilo siku ile. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba aliniachia njia ya kutokea. Hakuomba kuuona mkono wangu. Alichukua karatasi nyeupe na penseli, akasema:

"Mwanangu, leo sitakuuliza kwa nini. Nataka unisimulie siku moja tu, ile ya mwisho ulipojidhuru, tangu ulipoamka. Usiruke kitu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la kwa nini, nimelitayarishia majibu tangu kivukoni, na yote yakawa hayana kazi. Nikaanza kumsimulia Jumanne moja. Niliamka nikiwa nimelala kwa muda wa saa tatu tu. Akachora duara dogo, akaandika ndani yake, usingizi. Sikunywa chai kwa sababu ya kuchelewa feri. Akachora duara la pili, akaliunganisha na la kwanza. Kazini kulikuwa na kontena lililozuiliwa kwa ajili ya hati niliyoijaza vibaya, bosi akanisema mbele ya wateja, duara. Kaka yangu alipiga simu akitaka fedha ambazo sikuwa nazo, akaniambia kwamba mama angekuwa hai asingenitambua; duara, na hapo aliikaza penseli. Niliposema, "Halafu nikafika nyumbani, nikaingia chumbani, nikafanya," alisimamisha mkono.

"Rudi nyuma kidogo. Kati ya kuingia chumbani na kufanya, palipita muda gani?"

"Kama nusu saa."

"Katika nusu saa hiyo kulikuwa na nini?"

"Hakuna. Nilikaa kitandani."

"Nyumba ilikuwa kimya?"

Nikataka kusema ndiyo. Nilifungua kinywa niseme ndiyo, na badala yake nikasikia bakuli za bati, nikasikia redio ya jirani ikisoma matangazo ya vifo, nikasikia kandambili za shangazi zikija ukumbini na kusimama mlangoni pangu. Nilikuwa nimeisahau kabisa hodi ile. Sikuificha, ilikuwa imefutika, kana kwamba jioni ile hakuna aliyeishi nyumbani mle ila mimi.

"Shangazi alibisha hodi," nikasema. "Aliniita tule."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia nimeshiba."

"Ulikuwa umekula nini?"

Cherehani zilikuwa zikiendelea. Nilikumbuka kwamba tangu asubuhi nilikuwa nimekula nusu ya mahamri, na nilikumbuka pia, jambo ambalo sikuweza kulisema siku ile, kwamba baada ya jibu langu zile kandambili hazikuondoka mara moja. Shangazi alisimama pale. Alisimama muda wa kutosha kwa mtu anayejua kwamba ameambiwa uongo na hajui afanye nini. Kisha akaenda zake.

Mshauri akachora duara kubwa kuliko yote, ila hakuandika kitu ndani yake. Aliigeuza karatasi upande wangu, akanipa penseli. Nilishindwa kuandika. Hakunihimiza. Alisema tu kwamba hapo ndipo tutakapofanyia kazi, kwa kuwa mnyororo hauna haja ya kukatwa kila mahali.

Katika ziara ya nne aliniambia asili ya njia hiyo ya kuichora siku kama mnyororo. Ni sehemu ya tiba iliyobuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Marsha Linehan, kwa ajili ya watu waliojidhuru mara kwa mara na ambao wataalamu wengi walikuwa wamewakatia tamaa. Mwaka 1961, akiwa na miaka 17, Linehan mwenyewe alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili huko Connecticut kwa sababu ya kujidhuru, na hakulisema hadharani hadi mwaka 2011. Nilimwomba mshauri anirudie miaka hiyo. Miaka 50 ya kuwatibu wengine, au kujiandaa kuwatibu, huku akivaa mikono yake mirefu!

Nilikwenda Ganjoni kwa miezi 14. Makubaliano yetu yalikuwa kwamba nimpigie simu kabla, si baada. Nikipiga baada, tungengoja siku ya miadi. Mara mbili nilipiga baada. Mara nyingi zaidi nilipiga kabla, nikiwa nimekaa juu ya kitanda kile kile, naye huniuliza kwanza kama nimekula. Na jioni moja nilimweleza shangazi. Hakusema kitu. Aliinuka, akapasha moto mbaazi za nazi ingawa ilikuwa saa kumi, saa isiyo ya chakula, akanitengea, akakaa akinitazama mpaka nilipomaliza. Mpaka alipofariki hatukulizungumza tena, na sijui kama kunyamaza kwake kulikuwa huruma au woga. Nadhani yalikuwa yote mawili. Nimemsamehe kwa kuondoka mlangoni, kisha nikajiuliza nina haki gani ya kumsamehe mtu niliyemfukuza mwenyewe.

Ile karatasi ninayo, na duara la mwisho bado ni tupu. Niliitoa tena Jumapili usiku, baada ya mtoto kulala, kwa sababu nilitambua jibu nililompa bafuni. Alikuja mlangoni akabisha, nami nikamwambia nimeshiba. Ana miaka minne. Sijui mtoto wa miaka minne abebe kiasi gani, na wataalamu wawili niliowauliza wiki hii hawakukubaliana. Lakini ameuliza nani, hakuuliza kwa nini, na jibu la kweli la swali lake ni neno moja tu. Nimelisema kwa sauti jikoni, mara mbili, ili nisikie linavyotoka: mimi. Leo nimemwogesha tena. Ameushika mkono ule ule, akausugua kwa sabuni, na hakuuliza kitu.