Furukombe wa Dunga

Ukitaka kumwona furukombe, tai mla samaki, huko Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, Kisumu, fika kabla ya saa mbili asubuhi, jua likiwa mgongoni mwako. Darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi za milimita 42) yatosha. Anza na miti mirefu kando ya maji: furukombe hutulia hapo akivizia samaki. Aliyekomaa ana kichwa, kifua na mkia vyeupe, tumbo la hudhurungi, mabawa meusi. Chipukizi ndiye huwachanganya wengi, maana ana mabaka ya kahawia na huchukua takriban miaka 5 kupata rangi kamili. Basi mtambue kwa mabawa mapana na mkia mfupi.

Akibeba vijiti vya kujengea kiota, usimfuate. Akifukuzwa kiotani, mayai hupoa. Na nyuzi za nailoni za kuvulia samaki zilizotupwa, tafadhali, zikusanyeni: humnasa miguu akakosa kuwinda.