Dakika kumi za feri na wanangu wawili

Sisi twakaa Likoni na mi nafanya kazi ng'ambo, kisiwani Mombasa, duka la leso pale Mtaa wa Biashara, kwa hivo shule ya wanangu nikaitafuta huko huko mjini ili lolote likitokea niwe karibu nao. Kila siku ya shule twavuka feri mara mbili, asubuhi na jioni, mimi na wasichana wawili, mmoja wa miaka 8 yuko gredi ya 3 na mwengine wa miaka 4 yuko PP1, yaani chekechea. Majina yao siyaandiki hapa. Mkubwa nyumbani twamwita Dada manake ndivyo mdogo wake anavyomwita, na huyo mdogo ni Mdogo tu, jina limeshika hata kwa nyanya yake.

Watu wakisikia hivo hunionea huruma, wataka kujua nawezaje na watoto wadogo kwenye umati ule wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, geti likifunguliwa watu wateremka kama maji. Kushikana kuna kanuni zake. Mdogo nambeba mgongoni kwa leso mpaka tuteremke ng'ambo, Dada ashika buibui langu kwa mkono wa kulia na mkono wa kushoto ashika begi lake kwa mbele, na hatukimbii, hata geti lifungwe mbele ya pua zetu hatukimbii, twangoja ingine. Hiyo ya kutokimbia ni amri ya mamangu. Yeye akumbuka vizuri Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipozama na watu zaidi ya 270 wakafa, mitaa yetu mizima ilikuwa na matanga, na mpaka leo akituaga asubuhi neno lake la mwisho ni "msikimbilie feri, feri haiishi."

Lakini mi feri naipenda na ntasema kwa nini. Nyumbani asubuhi hakuna mazungumzo, kuna amri tu. Amka, koga, maji ni ndoo moja usiyamwage, kiatu chengine kiko wapi, kunywa chai, mahamri utakulia njiani, simama nikufunge nywele. Jioni nako nikifika ni jikoni moja kwa moja na wao waenda chuoni kusoma Kurani, wakirudi ni homuweki, kula, kulala. Sasa pale katikati ya bahari sina sufuria, sina simu manake mikono yote imeshika watoto, hakuna tivii. Pale kwenye feri ndio wanangu huniambia mambo yao. Mkondo wenyewe si mpana, ni kama nusu kilomita, ukihesabu kungoja na kuvuka na kuteremka wapata dakika kumi hivi siku nzuri, lakini dakika hizo kumi nimejua mengi, nani hachezi na nani, nani amelia darasani, nani alitapika kwenye sare, na kwamba Mdogo aogopa choo cha shule kwa sababu mlango wake walia kama paka.

Basi tuna mchezo wetu, waitwa "Yaja gani?" Tukiwa tumesimama twangoja, feri ikitokea upande wa pili lazima utaje jina lake kabla haijafika katikati, ni Likoni, ni Kwale, ni Jambo, ni Safari, na atakayepata kwanza ndiye atashika pakti ya karanga jioni tukirudi. Mchezo huu niliuanzisha nikimfundisha Dada kusoma. Mdogo hajui kusoma lakini ndiye alikuwa ashinda kila siku, yeye atambua feri kwa umbo, kwa rangi, na vile ule mlango wa mbele umeinama. Dada alikuwa ashindwa. Mwanzo nilidhani amwachia mdogo wake, nikamsifu kwa huo moyo. Halafu akaanza kusema, "Mi sitaki kucheza mama, chezeni nyinyi." Nikasema basi amekua, yuwaona michezo ya kitoto.

Wakati huo huo shule nako mambo yalikuwa hayaendi. Niliitwa. Nikaambiwa mtoto wako anakili kazi ya mwenzake, haandiki kilicho ubaoni, kila mara shingo iko kwenye daftari la jirani yake, na akiambiwa asome ubaoni hunyamaza kimya. Nilirudi nimekasirika sijui niseme vipi. Nilimsema usiku ule kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, na nikamkataza kwenda kwa nyanya yake Jumamosi mbili nzima. Hakujitetea. Alinambia tu, "Mama mi si mwizi." Hilo neno liko kifuani mwangu mpaka leo.

Na nitawezaje kushuku macho wakati mtoto huyu asoma kuliko watoto wote ninaowajua? Akija dukani jioni akaa chini kwenye mkeka na asoma majina ya leso moja baada ya moja, yale maneno yaliyoandikwa pale chini, asomea wateja hata wamama watu wazima wasiojua kusoma, "hii yasema Akiba haiozi, shangazi, na hii wataka?" Asoma bila kukwama. Mtu anayesoma hivo utamwambia haoni?

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne jioni. Tulikuwa tushapanda, feri ikasimama haiondoki kwa sababu kuna meli kubwa yaingia bandarini Kilindini, na meli ikipita sisi hungoja, ndio kawaida. Ile ilikuwa ya makontena, ndefu, ilipita karibu kiasi kwamba watu wote walinyamaza kuiangalia, na jina lake limeandikwa ubavuni kwa herufi nyeupe kubwa, nakwambia kila herufi yaweza kuwa kubwa kuliko mlango wa nyumba yangu. Nikamwambia Dada, haya nisomee hiyo. Akakunja uso. Akafinya macho. Halafu akafanya kitu ambacho nilikuwa nimekiona mara nyingi na sikukitilia maanani, aliweka kidole pembeni ya jicho akalivuta mpaka likawa jembamba kama mstari. Akasema, "Mama, imeandikwa wapi?"

Mdogo mgongoni akasema, "Hapo Dada, hapo, ile nyeupe!"

"Sioni nyeupe," akasema. "Naona nyekundu tu."

Nilimuuliza pole pole, nisimtishe, yule askari pale yuwaona? Yuwaona mtu, haoni kama ni askari. Ubaoni je? "Ubaoni mwalimu huandika lakini mi huona vumbi la chaki." Kwa nini hukunambia? Akaniangalia kama amesikia swali la ajabu. "Si kila mtu huona hivyo?"

Wiki hiyo hiyo nikaomba ruhusa kazini tukaenda kwa daktari wa macho mjini. Kwa mzazi ambaye hajawahi kwenda wacha nieleze ilivyokuwa, manake mimi niliogopa bure. Kwanza waliziba jicho moja moja wakamuonyesha chati ya herufi, na kwa watoto wasiojua kusoma iko nyengine ya herufi E tupu imegeuzwa huku na huku, mtoto aonyesha kwa vidole miguu yake yaelekea wapi, kwa hivo hata Mdogo alipimwa siku hiyo hiyo (yeye yuko sawa alhamdulillah). Halafu Dada akatiwa matone, yakarudiwa, tukangoja karibu saa nzima, kwa sababu jicho la mtoto lina nguvu ya kujikaza na likijikaza vipimo huja vya uongo, matone yalilegeza. Mboni zikawa kubwa nyeusi kama kokwa za stafeli. Tulipotoka jua la saa saba lilimuumiza, nikamfunika leso kichwa kizima nikamuongoza mpaka feri kama bibi harusi, na watu wakatupisha njia.

Daktari alinichorea kwenye karatasi. Jicho lake limerefuka kidogo kuliko kawaida, kwa hivo picha ya kitu cha mbali yatua kabla ya kufika nyuma ya jicho, cha karibu yuwakiona vizuri kabisa na cha mbali chafifia. Vipimo vyake ni hasi mbili na nusu macho yote mawili. Akanambia maana yake ni kwamba kitu kikishapita kama sentimita 40, yaani kama urefu wa mkono wake, chaanza kupoteza kingo. Ndio sababu leso yuwaisoma na ubao haoni. Ndio sababu daftari la jirani, manake ndilo ubao pekee aliokuwa anauona. Nilikaa pale kwenye kiti nikamshika mtoto wangu mkono na nikamuomba msamaha mbele ya daktari, sikungoja kufika nyumbani.

Nyumbani sasa. Mamangu akasema ni karoti, alishwe karoti na dagaa, na apakwe wanja wa manga jicho litapata nguvu. Karoti na dagaa nimekubali, ni chakula kizuri na vitamini A jicho layataka, ila haitafupisha jicho lililorefuka. Wanja nimekataa kwa heshima, manake wanja mwingi wa kienyeji una madini ya risasi na risasi kwa mtoto ni sumu, nilimueleza mamangu akanyamaza halafu akasema, "Basi mwanangu, wewe ndiye uliyesoma," na kile kichupa hakukitoa tena. Baba yao alikuwa na hofu ile ya wengi, kwamba miwani yatamlegeza macho yazidi. Daktari alishatujibu hilo, miwani hailegezi, jicho lake laweza kuzidi kurefuka anavyokua na miwani itabadilishwa, lakini si miwani iliyosababisha. Alichotusisitizia ni watoto wacheze nje mchana, kwenye mwanga wa jua, kama saa mbili kwa siku wakiweza, hiyo husaidia. Basi siku hizi wakitoka chuoni siwaiti ndani mpaka adhana ya magharibi, hata kama homuweki yangoja.

Lakini kuna jirani mmoja aliyenikera na ntasema. Alikuja kunipa pole, ati mtoto wa kike na miwani, mapema hivi, nani atamposa. Mtoto yuko pale asikia! Ana miaka minane! Nilimwambia shoga, mwanangu ataka kuona ubao, habari za posa sijazianza. Hakuja tena siku kadhaa na mi sikumfuata. Nimechoka na haya mambo ya kupima wasichana kwa macho ya mtu ambaye hata hajazaliwa kwao, na nikiangalia wazazi wenzangu naona wengi waficha mtoto haoni kwa sababu ya maneno kama hayo, mtoto aitwa mjinga darasani miaka na miaka.

Fremu na lenzi ilikuwa sh 6,500. Baba yao ana tuktuk, zilikuwa pesa za tairi, akasema tairi itangoja. Dada alichagua fremu mwenyewe, ya zambarau. Lenzi si kioo ni plastiki ngumu, ikianguka haimkati. Mdogo naye alilia ataka yake, usiku nikamwona baba yake amekaa kwenye ngazi na waya na koleo amtengenezea za kwake, hazina lenzi, na alienda nazo PP1 siku mbili.

Tulipoenda kuzichukua ilikuwa Ijumaa jioni na giza lilishaanza, hakuona sana, alikuwa na usingizi. Siku yenyewe hasa ilikuwa Jumatatu. Tulifika geti mapema, bahari imetulia, jua latoka upande wa bustani ya Mama Ngina. Nilimuona anashika buibui langu na hasemi kitu. Tukapanda. Mimi nikamuuliza, leo hatuchezi? Hakujibu. Alikuwa aangalia kunguru aliyetua kwenye chuma cha feri, hawa kunguru wetu wa Mombasa ambao kila mtu awafukuza.

"Mama, kunguru ana shingo ya kijivu."

"Eeh, anayo."

"Mi nilijua ni mweusi wote."

Halafu akaangalia mawimbi, akaangalia mkokoteni wa mtu na akasoma maandishi ya kwenye dumu, akaangalia mwanamke aliyekuwa mbali kidogo akanambia yule ana hina mkononi. Mdogo akapiga kelele mgongoni, "Yaja Jambo, yaja Jambo!" na Dada bila kufinya jicho akasema, "Si Jambo, ni Kwale, imeandikwa." Ilikuwa Kwale. Mdogo akanuna. Tulikuwa tumefika katikati, na Dada akainua uso akaangalia ule upande tunaokwenda, ile teremko ya kisiwani ambako watu wa zamu ya kuvuka kuja Likoni walikuwa wamesimama wangoja, mamia, na miavuli na mabegi na watoto wao. Aliwaangalia mpaka tukakaribia.

"Mama," akasema, "kumbe ng'ambo kuna watu."

Miaka miwili nimemvusha mtoto huyu kila siku. Mlango wa feri ukashuka, watu wakaanza kutoka, nikamkaza Mdogo mgongoni nikamshika Dada mkono. Hatukukimbia. Alitaka kusoma kila bango la juu ya barabara mpaka stejini na mi nikamwacha asome yote.