Vipande 23 vya sabuni

Kuna wimbo mmoja ambao sijauanzisha tena tangu mwaka 2012. Si wimbo mbaya. Ni wimbo wa kushukuru, wa watu waliovushwa, na kwaya yetu ya Katuba, mtaa wa Lubumbashi huku Kongo, iliupiga kwa ngoma mbili na kayamba hadi watoto wa barabara nzima wakatufuata. Lakini kila nikitaka kuuanza, nawaona wale wamama wamesimama kila mmoja mbele ya lupango lake, yaani kiwanja cha nyumba yake, mikono kifuani, wakitutazama tunavyopita tukicheza.

Nilikuwa na miaka 24 wakati ule. Kila Alhamisi nilikwenda gereza la Kasapa pamoja na kikundi cha parokia. Tulikuwa watu tisa, saba wanawake, na kiongozi wetu alikuwa muuguzi mstaafu ambaye sote tulimwita Mama Prezidenti. Tulipanda basi dogo hadi mjini Lubumbashi, tukabadilisha, tukafuata barabara ya Kasapa upande wa chuo kikuu, masufuria juu ya magoti. Anayejua magereza ya Kongo anajua kwa nini tulibeba masufuria. Chakula cha ndani ni vungule, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, na siku nyingine hata hicho hakitoshi. Mwenye ndugu wa kumletea bukari, ugali wetu, ndiye anayeshiba. Asiye na ndugu anamtazama mwenye ndugu. Sisi tulikwenda kuwa ndugu wa hao. Tukishagawa chakula tulisali, tukasoma Neno, kisha kila mmoja alipewa kipande cha sabuni. Sabuni tulinunua kwa miche, tukaikata kwa uzi jikoni kwa Mama Prezidenti, mche mmoja vipande vinne.

Huko ndiko nilikomfahamu mtu ambaye hapa nitamwita Baba Fundi. Alikuwa seremala wa Katuba, mtu wa maneno machache. Hata mle ndani, akikaa kwenye benchi, lazima kwanza apitishe kidole juu ya ubao, kama anayetafuta mahali randa ilipokosea.

Kesi yake haikuwa ya damu. Wamama 14 wa barabara yake walikuwa na likelemba, akiba ya kuchangia pamoja, kila mmoja dola 10 kwa mwezi kuanzia Januari, ili Septemba ikifika feza za masomo ya watoto ziwe tayari. Yeye ndiye aliyewekewa, kwa sababu alikuwa na kasha la mbao nyekundu alilolitengeneza mwenyewe, lenye kufuli, na kwa sababu alikuwa mtu wa kanisa. Mwezi wa nane mwaka 2010 kasha lilifunguliwa, ndani hakuna kitu. Dola 1120. Alikuwa amezitia katika mzigo wa mbao kwa ajili ya milango ya mteja mmoja mkubwa, akitumaini kuzirudisha kabla mtu hajauliza. Mteja hakuonekana tena. Na mmoja kati ya wale wamama 14 alikuwa mke wake mwenyewe.

Sheria yetu ya jinai inaita hilo kuvunja amana, na adhabu yake ni kuanzia miezi 3 hadi miaka 5. Yeye alipewa miaka 3. Sheria hiyohiyo inasema kwamba aliyemaliza robo ya kifungo chake, mradi ameshakaa zaidi ya miezi 3, anaweza kuachiliwa kwa masharti. Robo yake ilikuwa miezi 9. Lakini robo ya kwenye kitabu ni kitu kimoja na karatasi yenye mhuri ni kitu kingine; uamuzi unatoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1500 kutoka kwetu. Mama Prezidenti alilifuata faili lile kama mtu anayemfuata mgonjwa wake toka chumba hadi chumba. Jibu lilipofika, Baba Fundi alikuwa amekwisha kukaa miezi 26.

Katika miezi hiyo yote, nyumbani kwake tulifika mara moja tu, siku ya kuamkia Noeli, na mfuko wa mchele na chumvi. Mke wake alitupokea langoni. Alishukuru kwa mikono miwili, akauliza habari za afya zetu, na habari za mume wake hakuuliza. Tuliporudi tulisema anaona haya. Hakuna aliyesema twende tukabishe lango la pili, la tatu, tuwaulize wale wengine 13 watoto wao walisoma wapi mwaka ule. Leo kikundi kile hakimsindikizi mtu nyumbani kabla hakijazunguka kwanza kwa waliokosewa, hata kama itachukua wiki tatu. Wakati ule hatukujua. Tulijua Matayo 25, nalikuwa kifungoni mkanijia, na tuliishika kwa moyo wote, lakini macho yetu yaliishia kwenye ukuta wa Kasapa.

Alhamisi ya mwisho kabla hajatoka, mimi ndiye niliyesoma. Mama Prezidenti alinipa barua ya Paulo kwa Filemoni, ile fupi kuliko zote za Paulo, ambayo kwa kweli ni barua ya kumrudisha mtu nyumbani. Paulo mwenyewe yuko kifungoni. Anamtuma Onesimo arudi kwa bwana wake aliyemtoroka, na anaandika kwamba kama kuna deni lolote, liandikwe juu yake: mimi nitalipa. Nilisoma kwa sauti nzuri. Nakumbuka Baba Fundi aliinua uso alipolisikia neno deni.

Siku yenyewe ilikuwa Oktoba, lile joto la kabla ya mvua ya kwanza, vumbi jekundu hata katika meno, mijakaranda ya mjini imeangusha maua yake ya zambarau kwenye lami. Tulifika langoni asubuhi na tulingoja hadi karibu saa nane, maana karatasi za grefe, ile ofisi ya mafaili, hazina haraka. Akatoka. Tulikuwa tumemletea shati jeupe. Mkononi alikuwa na kifurushi, shati lake la zamani limefungwa mafundo kwa mikono yake, zito kuliko nguo. Nilitaka kumpokea, akakataa.

Katika basi alikaa kimya hadi tulipoingia Katuba. Kisha akamwinamia Mama Prezidenti.

“Mama, tushukie mbali kidogo. Tungoje giza, niingie polepole.”

Niliyemjibu ni mimi, si yeye. Nilimwambia kwamba mtu aliyefunguliwa na Bwana haingii kwake gizani kama mwizi. Nililitamka neno mwizi, nikiwa nimekaa goti kwa goti naye. Wengine waliitika amina. Yeye aliangalia kifurushi chake.

Tukashuka kwenye lami, ngoma zikafunguliwa, na mimi nikaanzisha.

Kutoka lami hadi kwake ni mwendo wa nyimbo mbili. Wa kwanza ulipita vizuri, watoto walitukimbilia. Ulipoanza ule ninaousema, tulikuwa tumeingia barabara yake. Wamama walitoka. Mmoja, halafu mwingine, halafu upande wote wa kushoto. Nilidhani wanakuja kutuitikia, nikapandisha sauti. Hakuna aliyeitika. Hakuna aliyepiga makofi. Kayamba ilinyamaza kwanza, kisha ngoma moja, na mwisho nikajikuta naimba peke yangu nusu ya mstari.

Mbele yetu alikuwa amesimama mama mmoja mzee, muuza makala, yaani makaa ya kupikia, mikono yake nyeusi hadi kwenye viwiko. Hakupaza sauti.

“Munaimbia nani?”

Hatukujibu.

“Batoto bangu balikaa mwaka muzima bila masomo. Wa mwisho hakurudia tena. Hakuna hata mumoja wenu alikuya kuniimbia.”

Nimesikia mahubiri mengi katika maisha yangu, ya maaskofu pia. Hakuna lililonikaa kama hilo. Alikuwa anasema kweli, kila neno. Tulipita mbele ya lango lake siku ya kuamkia Noeli na mfuko wa mchele, tukaupeleka kwa mwingine.

Mama Prezidenti aliweka mkoba wake chini, katika vumbi. Alisema, “Mama, tumekosa. Tulikosa hata kubisha hodi.” Akaomba tukae, kama inawezekana. Mtu alileta kiti kimoja, akapewa yeye. Sisi wengine tulikaa kwenye magunia na kwenye mawe ya ukuta usiokwisha. Baba Fundi alibaki amesimama, jasho limelilowesha lile shati jeupe mgongoni.

Ndipo mmoja akauliza swali ambalo Alhamisi nilikuwa nimelisomea jibu lake: nani atalipa? Sanduku la kikundi lilikuwa na dola 40, nalijua kwa sababu mimi ndiye niliyeandika hesabu. Niliwatazama wenzangu, wenzangu wakatazama chini. Ni rahisi sana kuisoma barua ya Filemoni palipo na wafungwa tu.

Aliyekuja kutuvusha alikuwa mke wake. Alitoka ndani bila haraka, mkononi ana daftari la shule, lile la kurasa 100, limekunjika pembe. Hakumwendea mume wake. Alimpa Mama Prezidenti, akalifungua juu ya magoti yake, nasi tukainama. Majina 13, jina lake mwenyewe hakuliandika. Mbele ya kila jina, dola 80, na chini yake miezi 26 ya kupunguza: hapa dola 2, hapa franka 500, hapa “nimefulia nguo siku mbili”, hapa “msumeno”, hapa “randa kubwa”. Alikuwa ameuza vyombo vya mume wake kimoja kimoja na kukigawa kila kimoja kwa hesabu. Alikuwa akiuza kapenta, wale samaki wadogo, sokoni na kulipa deni ambalo na yeye mwenyewe alikuwa analidai. Kwa mama wa makala zilikuwa zimebaki dola 55.

Sisi tulijihesabu kuwa watumishi wa waliofungwa. Yeye alikuwa amelibeba lile gereza mgongoni, barabara nzima inajua, na sisi tulidhani ana haya.

Baba Fundi alisoma daftari lile akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa. Alipofika kwenye randa alisimamisha kidole hapo. Kisha akapiga magoti, akafungua mafundo ya kifurushi.

Ilikuwa sabuni. Vipande vyetu, vile vya uzi, vimekauka hadi vimepasuka pembeni, vingine vimeshikana. Alikuwa hakuoga kwa sabuni zetu. Alikuwa ameweka kipande baada ya kipande, kila alipoweza kukiepusha na wenzake, ili asirudi nyumbani mikono mitupu.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Mary Kay Beard, mwanamke wa Marekani aliyewahi kufungwa Alabama. Alipotoka aliingia katika utumishi wa Prison Fellowship, ule ulioanzishwa mwaka 1976 na Charles Colson, naye Colson alikuwa mtu wa ikulu ya Rais Nixon aliyefungwa miezi 7. Mwaka 1982 Beard alianzisha mpango wa kuwapelekea watoto wa wafungwa zawadi za Noeli, na wazo lilitokana na jambo aliloliona alipokuwa ndani: wanawake walitunza sabuni na vitu vidogo walivyoletewa na makanisa, wakavifunga kama zawadi kwa ajili ya watoto wao. Nilifika hapo nikaweka kitabu chini. Sikuifikiria Alabama. Nilifikiri yale magoti katika vumbi la Katuba.

“Ni 23,” alisema. “Sina kingine.”

Mke wake hakusema kitu. Mama wa makala alisogea, akachuchumaa, akachukua kipande kimoja, akakinusa, akakikwaruza kwa kucha kuona kama bado kinatoa povu. Alikirudisha. Akachagua kingine, kizima zaidi, na kingine tena. Viwili.

“Ku soko hiki ni franka mia na makumi tano.” Alikuwa anamwambia mke, si mume. “Andika.”

Mke akamwita binti yao. Alikuwa na miaka tisa hivi, msichana mwembamba, alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote. Alikuja na kalamu, akakaa chini, daftari juu ya paja, akaandika polepole kwa ule mwandiko wa shule, herufi moja moja, ulimi nje. Baba yake alimtazama mkono ule ukienda. Baba alipoondoka, binti hakujua kuandika.

Mama wa makala hakujua kusoma. Alichukua daftari, akaligeuza, akalitazama, akaninyooshea mimi.

“Weye wa sauti. Soma.”

Nikasoma: sabuni mbili, franka 300.

“Soma tena,” akasema, na wale wengine wakasogea karibu.