Jinsi nilivyoondoa chenga kwenye karasha la gololi

Karasha letu ni pipa linalozunguka likiwa na gololi ndani za kusagia mawe. Unga wa mawe ulitoka na chenga, na kila mtu alitaka tuongeze mwendo. Nilikataa. Pipa lenye kipenyo cha mita 1 likizunguka mara 42 au 43 kwa dakika, gololi hung'ang'ania ukutani na kuzunguka nalo bila kudondoka. Hapo hakuna kusaga, ni umeme tu unaoliwa. Letu lilikaribia kikomo hicho. Nikalishusha hadi takriban asilimia 72 yake, na mlio wa gololi zikidondoka, uliokuwa umefifia, ukarudi.

Chenga zilipungua, hazikuisha. Tatizo lililobaki lilikuwa maji yanayochanganywa na mawe ndani ya pipa: tope jepesi mno hupita haraka kabla mawe hayajasagika. Nikayapunguza hadi yabisi, yaani mawe bila maji, ikafika kama asilimia 70 ya uzito wa tope. Gololi sikuongeza hata moja.