Ubao wa plaiwudi

Dhoruba ya Machi 2017 ilipopiga Burlington, Vermont, iliangusha theluji zaidi ya sentimita 75. Magari yalifukiwa. Wengine walilalamika, lakini mimi nilikuwa nimeiomba theluji ya namna hiyo majira yote ya baridi, kwa sababu ubao wangu wa kutelezea theluji ulishakuwa tayari.

Tulikuwa tumehamia pale kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Burlington ndiko yaliko makao makuu ya Burton, kampuni ya mbao za theluji aliyoianzisha Jake Burton Carpenter mwaka 1977 huko huko Vermont. Wanafunzi wenzangu walizungumza habari za mbao hizo mchana kutwa. Bei zake nyumbani kwetu hata hazikutajwa.

Jirani yetu, mzee wa Kimarekani aliyezoea useremala, alikuwa na Snurfer, ubao wa theluji wa zamani, ukutani mwa gereji yake, wa manjano, kamba ikining'inia puani, yaani kwenye ncha ya mbele. Yeye ndiye aliyenisimulia kwamba Krismasi ya 1965, kule Muskegon, Michigan, Sherman Poppen alizifunga pamoja skii mbili, zile mbao nyembamba za kuvaa miguuni, ili binti zake wapate kitu cha kuchezea kilimani, na ndivyo Snurfer ulivyozaliwa. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Kambini nilikuwa nimeunda magari ya waya yenye magurudumu ya soli za ndala. Kumbe na mchezo huu mkubwa wa matajiri ulianzia kwa mzazi na vifaa vya nyumbani!

"Tuunde wako," Mzee akasema.

Kazi kubwa ni pua. Ikibaki bapa, inachimba theluji na wewe unaruka mbele. Tulikata plaiwudi mbili nyembamba, tukazifunika mataulo ncha zake, nami nikawa naleta maji ya moto kwa sufuria ya Mama ya ugali. ("Irudi safi," alisema, hakuongeza neno.) Mbao zilipolegea tulizikunja juu ya kipande cha gogo, tukazibana, tukaziacha hadi zikakauka. Kisha gundi katikati, na vibano tena usiku kucha. Asubuhi tulipofungua, pua ilibaki imeinuka. Nilipitisha kidole kwenye ule mkunjo mara nyingi sana. Baada ya hapo ilikuwa msasa, vanishi, nta ya mshumaa chini, na mikanda ya tyubu ya baiskeli ya kushikia viatu.

Mzee alinionya kwamba ubao usio na kingo za chuma haushiki kwenye theluji iliyoshindiliwa. Unakwenda upande upande tu. Mbao za zamani kama Snurfer zilitaka theluji laini na nyingi, iubebe ubao kwa juu. Ndiyo maana niliingoja dhoruba.

Kilimani theluji ilinifika mapajani. Nilishika kamba, nikaegemea nyuma, pua ikatoka juu, na ubao ukaanza kwenda, polepole, halafu kwa kasi, bila sauti yoyote ya kukwaruza. Nikaegemea kisigino, ukakata kushoto. Ulinitii! Nilipiga kelele kwa Kiswahili, na Mzee, aliyesimama chini na koleo lake, akapiga kelele kwa Kiingereza.

Kabla theluji haijayeyuka, wenzangu wawili walikuwa wameshampelekea plaiwudi zao, na mmoja alikuwa akibishana naye kwamba pua inafaa kuwa ndefu zaidi.