Magazini yenye rangi nyekundu

Risasi ya saba ya siku ya kwanza na bastola yangu mpya ilikwama. Nikasema bahati mbaya. Ya kumi na tisa nayo ikakwama, na hapo nikaanza kujishuku mwenyewe kabla ya kuishuku bastola. Ndivyo nilivyo, kitu kipya kinachonukia mafuta nakiheshimu kupita kiasi.

Muuzaji alipoambiwa alicheka tu. "Kaza mkono." Si uongo: bastola ndogo ya milimita 9 ikishikwa kilegevu, slaidi, kile kipande cha juu kinachoteleza, hairudi nyuma ipasavyo, na ganda tupu linabanwa likitoka. Lakini nilimpa mwenzangu mwenye mikono kama koleo, naye ikamkwamia mara mbili ndani ya dakika tano. Sikurudi kwa muuzaji.

Niliifungua, nikafuta grisi nzito iliyotoka nayo kiwandani, nikaweka matone machache ya mafuta kwenye reli za slaidi. Afadhali kidogo, basi. Nikabadilisha risasi, kutoka za greini 115 (greini ni kipimo cha uzito) hadi za greini 124. Hakuna tofauti.

Kilichonisaidia ni rangi ya kucha. Bastola ilikuja na magazini mbili, yaani vikasha vya kujazia risasi, zinazofanana kama mapacha, nami nilikuwa nazichanganya mfukoni. Moja nikaitia doa jekundu, nyingine nikaiacha, kisha nikachukua daftari na kuandika kila mkwamo: magazini ipi, mkono upi, risasi ya ngapi, imekwama vipi. Baada ya risasi 200, mikwamo ilikuwa 11. Tisa ni ya ile nyekundu, na yote ni ya aina moja: risasi imeinamisha pua, imegonga chini ya mdomo wa chemba, tundu inamokaa risasi kabla ya kupigwa, slaidi imebaki nusu wazi.

(Ikikwama, kidole nje ya triga, mdomo wa bastola ubaki kwenye shabaha. Ukisikia "tik" bila mlio, subiri sekunde 30 kabla ya kufungua chochote. Nimeona mtu akigeuza bastola ili achungulie ndani. Nilihama meza.)

Usiku nikazipanga magazini mezani, nikabonyeza risasi ya juu kwa dole gumba. Ile safi ilirudi juu kwa nguvu. Nyekundu ilipanda kivivu, nyuma ikitangulia na pua ikibaki chini. Nikafungua kitako chake na kuchomoa springi. Ilikuwa imewekwa kinyumenyume! Ncha ya juu, inayopaswa kuinua sehemu ya mbele ya kibao kinachobeba risasi, ilikuwa inasukuma nyuma. Aliyeipachika hivyo simjui, na wiki tatu zangu hatanirudishia. Kuigeuza kulichukua chini ya dakika moja.

Mikwamo miwili iliyobaki ilikuwa tofauti, ganda limesimama wima kwenye tundu la kutokea. Nikachokonoa chini ya kile kikucha cha slaidi kinachovuta ganda, ikatoka grisi iliyogandamana na unga wa shaba. Nikadhani nimemaliza.

Nilijiwekea sharti: risasi 200 mfululizo bila mkwamo, la sivyo siitegemei kwa lolote zaidi ya shabaha. Jumamosi nilifika 163. Ya 164 nilipiga kwa mkono wa kushoto peke yake, ganda likasimama wima tena. Nikatazama daftari: ile miwili ya mwanzo nayo ilikuwa ya kushoto.

Kwa hiyo muuzaji alikuwa na ukweli wake, tuseme robo. Sitamwambia. Nimeanza tena kuhesabu kutoka moja, na safari hii ninaanza na kushoto.