Yajaa ama yapwa

Tangu Jumatano nasikia sauti ya ami. Hakunikemea. Aliishika mbali na macho karatasi yenye picha yangu ya bandari ya kale ya Mombasa, kama anavyozishika picha zangu zote tangu ningali kijana, akauliza:

"Maji haya yajaa ama yapwa?"

Nikamwambia, "Ami, hiyo ni bandari ya kale, watazama juu kuelekea hori ya Tudor."

"Bandari naijua. Nakuuliza maji."

Nikanyamaza. Akanirudishia karatasi, akashika kikombe chake cha kahawa.

Wanaonijua wajua kwamba picha zangu za rangi ya mafuta haziendi dukani kabla ami hajaziona. Hukaa nazo, kisha husema neno moja: "Yenda." Yaani chombo kile kingetiwa majini kingesafiri. Zaidi ya miaka thelathini nimekuwa nikilingojea neno hilo. Safari hii hakulisema, na hakuna picha iliyowahi kunitoa jasho kama hii.

Hii sikuichora kwa brashi; niliitengeneza kwa laptopu niliyoachiwa na mpwa wangu, kwa programu ya kutengeneza mandhari. Nilianza na ramani ya miinuko. Vipimo vyake vilichukuliwa Februari 2000, chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilipozunguka dunia siku 11 kikiipima ardhi kwa rada. Picha yenyewe ni ya kijivu tupu: peupe ni juu, peusi ni chini. Nilipoitia kwenye programu, vilima vya Rabai vikatoka ngazi ngazi, kama matuta ya mashamba ya Taita. Wiki mbili nilipambana na ngazi zile. Nikazilainisha, vilima vikawa kama unga uliomwagwa. Kumbe niliihifadhi ramani kwa biti 8, na biti 8 ni vivuli 256 tu vya kijivu, basi kila kivuli kikawa kidato. Kwa biti 16 ni vivuli 65,536. Hilo nililielewa mara moja, maana ndiyo kazi ya mkaa na kidole: ukiwa na vivuli vichache, shavu la mtu huwa na kona.

Halafu ikaja mikoko. Rada ile haikuona tope la chini, iliona majani ya juu, kwa hivyo mikoko ya Tudor ikawa ukingo wa ardhi kavu. Nikaishusha kwa mkono, kipande kwa kipande, ndipo nikapanda miti juu yake. Na ile kazi ya kompyuta kuichora picha ya mwisho, kurenda wanavyoita, mara mbili stima zilipotea katikati na betri ya laptopu ilikufa zamani. Sasa nairenda vipande vipande na kuhifadhi kila kimoja.

Ndipo nikachapisha, nikampelekea ami, na mwajua yaliyofuata.

Nilidhani anasema habari ya rangi. Usiku ule nikabadilisha buluu mara nne. Nikadhani ni mawimbi, nikayapunguza. Ijumaa tulimuoza binti wa ndugu yangu, Mola awape kheri, na hata pale kwenye pilau nilikuwa nafikiria maji.

Jumamosi asubuhi niliteremka ngazi za Leven, pale bandarini, nikakaa bila kalamu wala simu. Upepo ulikuwa mdogo. Mashua zilizotia nanga zilikuwa zimeelekeza omo, yaani mbele yake, baharini, zote, kama watu waliosimama safu. Maji yalikuwa yakiingia. Baadaye yakasimama. Kamba za nanga zikalegea, mashua zikawa hazijui pa kutazama, halafu moja ikaanza kugeuka, ikafuata ya pili, na nilipoinuka zote zilikuwa zimeelekeza omo Tudor na tezi, yaani nyuma, baharini.

Nilirudi nyumbani karibu mbio. Mashua zangu sikuziweka moja moja. Programu ina kifaa cha kutawanya vitu: waipa mashua moja, yakumwagia kumi na mbili, na kila moja yaizungusha ipendavyo yenyewe, kwa digrii zote 360. Maji yanapokwenda, mashua zilizolala nangani huelekeza omo yanakotoka, hazitazami kila upande namna ile. Ami hakuwa akinijaribu. Alitafuta mahali pa kuyasoma maji, akakosa.

Niliteremsha digrii 360 zikawa 8. Omo baharini. Nikachora mstari wa unyevu kwenye mawe, mwembamba, kwa sababu maji yamekaribia kujaa. Ilipomaliza kurenda nililia kidogo, sioni haya kusema.

Kisha nikazishusha zile za zamani zilizobaki stoo, hata ile ya 1994 yenye doa la chai. Nikazitazama moja baada ya moja. Omo zote upande mmoja. Katika kila picha! Na sikumbuki hata siku moja kuliwazia jambo hilo nikiwa na brashi mkononi. Nani aliufundisha mkono wangu, na kwa nini hakunifundisha mimi? Pengine ni ami mwenyewe, zile alfajiri alizonichukua kuvua, nami najiona nimelala tu juu ya kamba. Nataka kumuuliza, ila naogopa atajibu kwa neno moja.

Karatasi mpya iko tayari. Kesho baada ya alasiri nitampelekea barazani.

Kuna jambo jingine. Mwenye nyumba ya karakana hajachukua kodi ya mwezi huu. Nilipompigia alisema, "Ikae kwanza, tutazungumza." Miaka yote hii hajawahi kukataa pesa. Leo mchana mafundi wawili walikuja na futi, wakapima mlango wa mbele, wakaondoka bila kuingia.